Kuhakiki Siri Bila Kuijua: Historia ya Utunzaji wa Nywila

Nywila za kompyuta zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT, jimbo la Massachusetts, Marekani. Kabla ya hapo kompyuta ilihudumia kazi kwa zamu: mtu alitoboa amri zake kwenye kadi, akazikabidhi kwa waendeshaji wa mashine, kisha akasubiri majibu kwa saa kadhaa au hadi kesho yake. Fernando Corbató na wenzake walijenga CTSS, mfumo uliooneshwa kwa mara ya kwanza Novemba 1961, ambao uliwawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa pamoja, kila mmoja akiwa mbele ya taipureta iliyounganishwa na mashine hiyo. Diski ilikuwa ya wote, lakini kila mtumiaji alikuwa na faili zake na mgao wake wa muda. Ilibidi mfumo umtambue kila anayeingia, na njia nyepesi iliyopatikana ilikuwa kumpa kila mtu neno la siri.

Maneno hayo yalihifadhiwa katika faili moja, yameandikwa waziwazi herufi kwa herufi. Udhaifu wa mpango huo haukuchelewa kujitokeza. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi wa uzamivu ambaye mgao wake wa muda haukumtosha kwa utafiti wake, aligundua kwamba faili yoyote ingeweza kuchapishwa kwa kupeleka kadi yenye jina la faili hiyo na namba ya akaunti inakokaa. Aliomba ichapishwe faili ya nywila, akaichukua pamoja na machapisho mengine, na tangu siku hiyo akawa anatumia muda wa wenzake. Alikuja kukiri mwenyewe miaka mingi baadaye. Katikati ya muongo huohuo likatokea jambo baya zaidi bila mtu yeyote kulikusudia. Programu ya kuhariri maandishi ilitumia faili ya muda yenye jina lilelile bila kujali nani anahariri; wasimamizi wawili wakafanya kazi kwa wakati mmoja, mmoja akiandika ujumbe wa kuwakaribisha watumiaji, mwingine akirekebisha faili ya nywila. Faili hizo mbili zikabadilishana nafasi. Kila aliyeingia kwenye mfumo Ijumaa hiyo jioni alikaribishwa na orodha kamili ya nywila za watu wote. Corbató alikisimulia kisa hicho katika hotuba ya Tuzo ya Turing, aliyotunukiwa mwaka 1990.

Visa hivyo viwili vina chanzo kimoja: mfumo wenyewe ulizijua nywila. Orodha inayosomeka ipo siku itasomwa, iwe kwa hila, kwa bahati mbaya, au na mtumishi mwenye ruhusa ya kuifungua. Swali lililofuata ndilo lililozaa fani nzima: je, mfumo unaweza kuihakiki siri ya mtu bila kuijua?

Jibu lilipatikana Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kwenye kompyuta iliyoitwa Titan. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, Roger Needham na Mike Guy walipendekeza nywila ipitishwe kwenye hesabu ya njia moja, yaani hesabu iliyo rahisi kwenda mbele lakini isiyorudishika nyuma, kama unga usivyoweza kurudi kuwa punje za mahindi. Kinachohifadhiwa ni matokeo ya hesabu hiyo tu, ambayo leo huitwa heshi. Mtumiaji anapoingia, alichoandika hupitishwa kwenye hesabu ileile na matokeo mawili hulinganishwa. Yakifanana anakubaliwa, na neno lenyewe halibaki popote. Maurice Wilkes, aliyeongoza maabara hiyo, aliueleza mpango huo katika kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu kompyuta zinazotumiwa na watu wengi kwa pamoja, na mwaka 1974 George Purdy akachapisha uchambuzi wa kihisabati wa hesabu za aina hiyo. Maana yake ni kwamba kanuni kuu ya kutunza nywila ilikuwa imekwisha kuandikwa kitabuni kabla ya tovuti ya kwanza kwa zaidi ya miaka 20. Hasara nyingi zilizofuata hazikutokana na kukosa maarifa.

Lakini kuhifadhi vizuri hakufai kitu kama kulinganisha kunafanywa vibaya. Mfumo wa TENEX, uliojengwa na kampuni ya BBN, ulilinganisha nywila herufi moja baada ya nyingine na kusimama mara tu ulipokuta herufi isiyofanana. Mtu mjanja aliweza kuipanga nywila yake ya kubahatisha ikae mpakani mwa kurasa mbili za kumbukumbu ya mashine, herufi ya kwanza huku na zilizobaki kwenye ukurasa ambao haujapakiwa. Herufi ya kwanza ikiwa si sahihi, mfumo ulikataa palepale. Ikiwa sahihi, uliendelea na ya pili, ukagonga ukurasa usiokuwapo, na mgongano huo ulionekana kwa aliyekuwa akijaribu. Kazi ambayo ingehitaji mabilioni ya majaribio ikaisha kwa mamia. Kasoro hiyo iligunduliwa miaka ya 1970, na bado programu za tovuti ziliendelea kulinganisha siri kwa alama ya kawaida ya usawa, ambayo nayo huweza kusimama njiani na kuvujisha siri kupitia muda inaotumia. Lugha ya PHP, inayoendesha sehemu kubwa ya tovuti duniani, ilipata kazi ya hash_equals, inayolinganisha kwa muda usiobadilika, mwaka 2014.

Hatua kubwa kuliko zote ilipigwa na Robert Morris na Ken Thompson wa Maabara za Bell. Mfumo wao wa Unix ulianza na faili ya nywila zilizo wazi, kisha ukahamia kwenye heshi iliyoiga mashine ya kijeshi ya kusimba ya M-209. Hapo wakagundua jambo ambalo Cambridge hawakulitilia mkazo: hesabu hiyo ilikuwa ya haraka mno. Mwizi aliyepata faili hakuhitaji kuirudisha heshi nyuma. Alibahatisha maneno, akayapitisha kwenye hesabu ileile, na kutazama lipi linafanana. Kadiri hesabu inavyokwenda haraka, ndivyo anavyobahatisha mara nyingi zaidi kwa saa.

Makala waliyochapisha mwaka 1979 ilieleza tiba mbili. Ya kwanza ilikuwa kuipunguza kasi hesabu kwa makusudi: nywila ilitumika kama ufunguo wa kanuni ya usimbaji ya DES, na usimbaji ukarudiwa mara 25. Mtumiaji halali, anayeingia mara moja, hahisi ucheleweshaji huo. Mwizi anayejaribu maneno milioni anaulipia mara milioni. Ya pili ni ile inayoitwa chumvi. Kila nywila mpya ilichanganywa na namba ya bahati nasibu ya biti 12, iliyohifadhiwa waziwazi kando ya heshi. Watu wawili wenye nywila moja wakawa na heshi tofauti, na mwizi aliyetaka kuandaa mapema orodha ya heshi za maneno yote ya kamusi alilazimika kuiandaa mara 4,096, moja kwa kila chumvi. Kwa diski za wakati ule, huo ulikuwa ukuta mrefu.

Makala hiyohiyo ilibeba takwimu zilizoonyesha upande wa pili wa tatizo. Morris na Thompson walikusanya nywila 3,289 zilizochaguliwa na watumiaji wenyewe. Kati ya hizo, 15 zilikuwa herufi moja tu, 72 herufi mbili, 464 herufi tatu, 477 za herufi au tarakimu nne. Nyingine 706 zilikuwa herufi tano za aina moja, na 605 herufi sita ndogo. Ukijumlisha 492 zilizopatikana kwenye kamusi na orodha za majina, nywila 2,831, yaani asilimia 86, zilikuwa dhaifu. Watu hao hawakuwa wageni wa kompyuta. Chunguzi nyingi za baadaye zimerudia kuonyesha kwamba mfumo wowote wa nywila lazima ujengwe kwa kudhani kuwa watumiaji wengi watachagua vibaya.

Hatari hiyo ilidhihirika tarehe 2 Novemba 1988, pale mnyoo wa kompyuta, yaani programu inayojisambaza yenyewe, ulipoenea kwenye intaneti changa ya Marekani. Mnyoo huo ulitumia njia kadhaa kujipenyeza, mojawapo ikiwa kubahatisha nywila: ulijaribu jina la akaunti, jina hilo likirudiwa mara mbili au kugeuzwa nyuma mbele, kisha orodha ya maneno 432, na mwisho kamusi iliyokuwa ndani ya mashine yenyewe. Mwandishi wake alikuwa Robert Tappan Morris, mtoto wa yule Morris aliyeandika makala ya 1979. Alitiwa hatiani Januari 1990, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kazi za jamii na faini. Mnyoo uliweza kubahatisha kwa urahisi kwa sababu faili ya nywila ya Unix ilisomeka na kila mtumiaji. Programu nyingi ziliihitaji ili kujua majina ya watu. Watengenezaji wakaanza kuzihamishia heshi kwenye faili nyingine inayosomwa na msimamizi mkuu peke yake, mpango unaotumika kwenye Linux hadi leo.

Hifadhidata zilipoingia kwenye biashara, zilikuja na tatizo la nywila katika ngazi mbili, na ni muhimu kuzitenganisha. Ngazi ya kwanza ni ya watumiaji wa hifadhidata yenyewe: msimamizi, na akaunti ambayo programu ya tovuti huitumia kusoma na kuandika. Ngazi ya pili ni ya wateja au wanachama wa tovuti, ambao majina na nywila zao ni mistari tu katika jedwali mojawapo ndani ya hifadhidata hiyo. Hawa wa pili hawana akaunti kwenye hifadhidata, na kuwahakiki ni kazi ya programu ya tovuti.

Katika ngazi ya kwanza, adui mkubwa kwa miaka mingi alikuwa nywila ya kiwandani. Oracle ilisambazwa na akaunti ya mfano iliyoitwa scott yenye nywila tiger, jina la paka wa Bruce Scott, mmoja wa waajiriwa wa mwanzo wa kampuni hiyo. Akaunti ya system nayo ilikuja na nywila manager. Waliosakinisha bila kuzibadilisha waliacha milango wazi. Microsoft SQL Server iliruhusu akaunti ya msimamizi, sa, iwe haina nywila kabisa, na Mei 2002 mnyoo ulioitwa Spida ukazunguka kwenye mtandao ukitafuta seva za namna hiyo. MySQL kwa muda mrefu ilisakinishwa ikiwa na root, yaani msimamizi wake mkuu, asiye na nywila. Ni toleo la 5.7, la mwaka 2015, lililoanza kumtengenezea root nywila ya bahati nasibu wakati wa kuandaa hifadhidata. Januari 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizowekwa kwenye intaneti bila nywila zilifutwa na wahalifu walioacha ujumbe wa kudai fidia. Hakuna hesabu ya heshi inayoweza kumsaidia aliyeacha nafasi ya nywila tupu.

Namna hifadhidata zilivyohifadhi nywila za watumiaji wake nayo ilibadilika polepole. MySQL kabla ya toleo la 4.1 ilitumia heshi fupi ya tarakimu 16, dhaifu mno; toleo la 4.1 likaleta heshi inayoanza na alama ya nyota, iliyopatikana kwa kupitisha nywila kwenye hesabu ya heshi ya SHA-1 mara mbili, ila bila chumvi. Toleo la 8.0, lililotoka rasmi mwaka 2018, lilihamia kwenye SHA-256 yenye chumvi na marudio mengi, na likaiondoa kazi ya PASSWORD ambayo waandishi wa tovuti walizoea kuitumia kwa wateja wao ingawa mwongozo wa MySQL uliwakataza. PostgreSQL nayo ilitumia hesabu ya heshi ya MD5, jina la mtumiaji likifanya kazi ya chumvi. Mpango huo ulikuwa na kasoro ya ndani: kwa jinsi mazungumzo ya kuingia yalivyopangwa, aliyeiba heshi aliweza kuitumia kuingia bila kuijua nywila. Toleo la 10, Oktoba 2017, lilileta SCRAM-SHA-256, ambamo mtumiaji na seva huthibitishiana kwa hesabu bila nywila yenyewe kupita kwenye waya, na toleo la 14 la mwaka 2021 likaufanya mpango huo kuwa wa kawaida.

Kisa cha MySQL cha Juni 2012 kinastahili kukumbukwa na kila anayeandika sehemu ya kuhakiki. Programu ililinganisha heshi mbili kwa kazi ya memcmp, ambayo hurudisha sifuri zikifanana na namba nyingine zikitofautiana. Jibu hilo lilibanwa kuwa baiti moja. Kwenye baadhi ya mashine memcmp ilirudisha namba kubwa ambayo baiti yake ya mwisho ni sifuri, na hapo programu ikaamini kwamba nywila ni sahihi. Kwa wastani, jaribio moja kati ya 256 lilikubaliwa, nywila yoyote ile. Mtu aliyerudia kuingia kama root mara mia kadhaa, jambo la sekunde chache, alifunguliwa. Heshi zilikuwa salama. Mstari mmoja wa ulinganisho ndio uliokosewa.

Ngazi ya pili, ya wanachama wa tovuti, ndiyo iliyoleta hasara kubwa zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, PHP na MySQL ziliwawezesha watu wasio na mafunzo rasmi kujenga tovuti zenye wanachama. Mafunzo yaliyosambaa yaliwafundisha kuunda jedwali la watumiaji, kuweka nywila humo ama waziwazi ama kwa MD5, na kuunganisha alichoandika mgeni moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata. Desemba 1998 Jeff Forristal alikuwa amekwisha kuonya katika jarida la Phrack kwamba alichoandika mgeni kinaweza kugeuka kuwa sehemu ya amri. Ikiwa tovuti huuliza hifadhidata kama yuko mtumiaji mwenye jina hili na nywila hii, mgeni anayeandika ' OR '1'='1 kwenye nafasi ya nywila anaongeza sharti ambalo ni kweli siku zote, na hifadhidata inajibu kwamba yupo. Dawa yake inajulikana na ni nyepesi: amri iandaliwe kwanza ikiwa na nafasi tupu, kisha alichoandika mgeni kipelekwe kando kama data tu, ambayo hifadhidata haiwezi kuichukua kuwa amri. Vilevile akaunti ya hifadhidata inayotumiwa na tovuti inapaswa kupewa ruhusa zile tu inazozihitaji, wala isiwe root.

Desemba 2009 kampuni ya RockYou, iliyotengeneza vikorombwezo vya mitandao ya kijamii, iliibiwa kwa njia hiyohiyo ya kupenyeza amri. Jedwali lake lilikuwa na nywila milioni 32, zote wazi. Iliyoongoza kwa kutumiwa ilikuwa 123456. Orodha hiyo ilisambaa na hadi leo ndiyo kitabu cha mazoezi cha kila anayejifunza kuvunja nywila. Juni 2012 zilivuja heshi milioni 6.5 za LinkedIn, zilizotengenezwa kwa SHA-1 bila chumvi. Mwaka 2016 ikabainika kwamba walioathirika walikuwa zaidi ya milioni 100. Oktoba 2013 ikawa zamu ya Adobe, ambayo haikutumia heshi bali ilizisimba nywila zote kwa ufunguo mmoja. Nywila zilizofanana zikatoa maandishi yanayofanana, na kando yake vidokezo vya kukumbushia vilikuwa wazi, hata watu wakazijua nywila nyingi kwa kusoma vidokezo tu bila kuuhitaji ufunguo. Kampuni hizi zilikuwa na fedha na wahandisi. Kilichokosekana kilikuwa kimechapishwa mwaka 1979.

MD5, iliyobuniwa na Ron Rivest mwaka 1991, na SHA-1 ya mwaka 1995 hazikuundwa kwa ajili ya nywila. Zilikusudiwa kupata haraka alama ya utambulisho ya waraka mkubwa, na wepesi wao, ambao ni sifa njema kwa kazi hiyo, ni balaa kwa nywila. Mwaka 2003 Philippe Oechslin, akiwa Lausanne, Uswisi, alionyesha namna ya kubana majedwali ya heshi zilizokokotolewa mapema, yanayojulikana kama majedwali ya upinde wa mvua, na kwa kutumia gigabaiti 1.4 akafungua karibu nywila zote za herufi na tarakimu za mfumo wa zamani wa Windows, kila moja kwa sekunde 13.6 kwa wastani. Windows haikuwa imetumia chumvi. Baadaye kadi za michoro, zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo, ziliondoa hata haja ya majedwali. Mwishoni mwa 2012 mtambo wa kadi 25 ulioneshwa ukijaribu nywila bilioni 180 kwa sekunde dhidi ya MD5. Mtambo huohuo ulipoelekezwa kwenye heshi za bcrypt, hesabu iliyopunguzwa kasi kwa makusudi, uliweza 71,000 tu.

Tofauti hiyo ndiyo hoja yote ya bcrypt. Niels Provos na David Mazières waliitangaza mwaka 1999 kwa ajili ya mfumo wa OpenBSD, wakitumia kanuni ya usimbaji ya Blowfish ya Bruce Schneier. DES ya Unix ilikuwa na marudio 25 yasiyobadilika, na miaka 20 ya maendeleo ya kompyuta ilikuwa imeyafanya kuwa si kitu. Provos na Mazières waliweka kipimo cha gharama ambacho msimamizi anaweza kukiongeza: kila nafasi moja juu huifanya hesabu kuwa nzito maradufu. Chumvi ikapanuliwa hadi biti 128. Mwaka 2009 Colin Percival alileta scrypt, inayodai pia kumbukumbu nyingi ya mashine, kwa kuwa prosesa ndogo ni rahisi kuzirundika lakini kumbukumbu ni ghali. Shindano la kimataifa lililotangazwa mwaka 2013 lilipokea mapendekezo 24, na Julai 2015 likaitangaza mshindi Argon2, kazi ya Alex Biryukov, Daniel Dinu na Dmitry Khovratovich wa Chuo Kikuu cha Luxembourg.

Kwa waandishi wa tovuti, mabadiliko ya maana hayakutoka maabara bali kwenye PHP 5.5 ya Juni 2013, iliyowapa kazi mbili: password_hash na password_verify. Ya kwanza hutengeneza chumvi yenyewe, huchagua hesabu nzuri na kurudisha mfuatano mmoja wenye jina la hesabu, gharama, chumvi na heshi. Mfuatano huo ndio unaowekwa kwenye jedwali. Ya pili huusoma, hurudia hesabu kwa nywila iliyoandikwa na kulinganisha kwa muda usiobadilika. Ipo na ya tatu, password_needs_rehash, inayojulisha kama heshi ya zamani imepitwa na wakati, ili programu itengeneze mpya palepale mtu anapoingia, kwa kuwa huo ndio wakati pekee nywila yake inapatikana. Kabla ya hapo mwandishi alilazimika kukusanya vipande hivyo mwenyewe, na wengi walikosea. Kinga bora ni ile inayoifanya njia sahihi iwe pia njia fupi.

Hata heshi nzuri huweza kuzungukwa. Tovuti ya Ashley Madison, iliyodukuliwa mwaka 2015, ilikuwa na heshi za bcrypt za kupigiwa mfano, lakini hifadhidata hiyohiyo ilikuwa na safu nyingine yenye alama za MD5 zilizotokana na jina na nywila ya mtumiaji. Wavunjaji waliiacha bcrypt, wakashughulikia MD5, na kufungua nywila zaidi ya milioni 11. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake wote wabadilishe nywila baada ya kugundua kwamba ziliandikwa waziwazi kwenye kumbukumbu za matukio ya ndani kabla hazijafanyiwa heshi. Facebook ilitangaza kosa la aina hiyo Machi 2019, na Septemba 2024 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ireland ikaitoza Meta, kampuni mama ya Facebook, faini ya euro milioni 91 kwa sababu hiyo.

Njia ya kutoka kwa mtumiaji hadi kwenye seva nayo ina historia yake. Netscape ilianzisha usimbaji wa mawasiliano ya tovuti katikati ya miaka ya 1990, lakini tovuti nyingi ziliutumia kwenye ukurasa wa kuingilia tu. Mtu akishakubaliwa, seva humpa kidakuzi cha kumtambulisha, na kidakuzi hicho kilisafiri wazi. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa Firesheep, nyongeza ya kivinjari iliyomwezesha yeyote mgahawani kuvinyakua vidakuzi vya waliotumia mtandao uleule usio na waya. Aibu hiyo ilizisukuma tovuti kubwa kusimba kila ukurasa, na Let's Encrypt, iliyoanza kutoa vyeti bure mwishoni mwa 2015, ikaondoa kisingizio cha gharama kwa tovuti ndogo.

Upande wa masharti kwa watumiaji, ushauri uliotawala tangu 2003 ulitoka kwa Bill Burr wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST: herufi kubwa, tarakimu, alama, na kubadilisha nywila mara kwa mara. Watu waliitikia kwa kuongeza namba moja mwishoni kila walipolazimishwa. Mwaka 2017 Burr alikiri hadharani kujutia sehemu kubwa ya ushauri huo, na mwongozo mpya wa NIST wa mwaka huo ukaacha kudai mabadiliko ya kila baada ya muda. Badala yake ulitaka urefu, na nywila mpya ilinganishwe na orodha za zilizokwisha kuvuja. Troy Hunt, aliyeanzisha Have I Been Pwned mwaka 2013, hutoa orodha ya namna hiyo. Tovuti hutuma tarakimu tano za mwanzo za heshi ya SHA-1, hupokea heshi zote zinazoanza hivyo, na hutafuta yenyewe kama ya mteja wake imo, bila kuifichua. Majaribio ya kuingia nayo yanapaswa kuwekewa kikomo, na ujumbe wa kukataa uwe mmoja, ama jina halipo au nywila si sahihi, ili mgeni asijue nani ana akaunti. Mwaka 2019 kiwango cha WebAuthn kiliruhusu kuingia bila nywila, ambapo seva hutunza ufunguo wa umma tu, usiomfaa mwizi kwa kuingilia.

Afrika Mashariki imeingia katika historia hii kwa sheria. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria ya Kenya humpa mdhibiti wa data saa 72 kumjulisha Kamishna pindi anapogundua uvujaji wenye hatari kwa wahusika. Hakuna kati ya sheria hizo inayotaja bcrypt wala Argon2. Uchaguzi huo umeachwa kwa anayeandika programu, naye anapaswa kuufanya kabla jedwali la watumiaji halijapokea mstari wake wa kwanza.